Kompyuta inapiga yenyewe, je, wimbo ni wa mwanao?

Ni Jumamosi, saa tatu usiku. Vyombo vya chakula cha jioni vimeshaoshwa, luninga imezimwa, na sebuleni inasikika sauti kama ya marimba ikitoka kwenye kompyuta mpakato ya dada mkubwa aliyerudi likizo kutoka chuoni. Aliyekaa mbele ya kompyuta si dada, ni mdogo wake wa Kidato cha Pili. Mikono ameiweka mapajani. Hagusi chochote, anasikiliza tu.

"Hebu badilisha huo wimbo, unarudia uleule tangu saa mbili," mama anamwambia.

"Haujarudia hata mara moja, mama. Usikilize vizuri."

Baba anashusha simu yake. "Kwani anayepiga ni nani?"

"Inapiga yenyewe, baba. Mimi nimeipa sheria tu."

"Sasa kama inapiga yenyewe, kazi yako wewe ni ipi?"

Kijana anakosa jibu. Na jibu linahitajika, kwa sababu shuleni wamemwomba atengeneze muziki wa kuwaingiza wahitimu ukumbini siku ya mahafali ya Kidato cha Nne, naye ameshakubali. Mshereheshaji atalitaja jina lake mbele ya wazazi na wageni. Baba hataki jina la mwanawe litajwe kwa kazi iliyofanywa na mashine. Anatoa siku saba. Jumamosi ijayo mtoto aeleze kazi yake iko wapi, la sivyo awaambie walimu watafute wimbo mwingine, na kompyuta irudi kwa dada yake mpaka mitihani ya Novemba ipite.

Familia hii ni ya mfano, lakini swali la baba ni la kweli. Leo kijana mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kupata bure programu zinazotunga muziki kwa kufuata sheria. Mzazi anayesikia sauti bila kuona kidole kikigusa kinanda ana haki ya kuuliza: mwanangu anajifunza, au anacheza tu?

Kocha haingii uwanjani

Programu nyingi za kupanga midundo zinafanana na daftari la hesabu lenye viboksi. Kila kiboksi ni nafasi ya pigo moja. Mtengenezaji anajaza anavyotaka: hapa ngoma, hapa kayamba, hapa noti ya kinanda. Kompyuta inasoma viboksi kutoka kushoto kwenda kulia, ikifika mwisho inarudi mwanzo. Wimbo wa namna hiyo unajirudia kwa sababu umeandikwa ujirudie.

Kuna aina ya pili, na ndiyo iliyomshughulisha kijana wetu. Badala ya kujaza kila kiboksi, mtumiaji anaandika masharti. Kwa mfano: tumia noti hizi tano tu. Kila baada ya robo ya pigo, chagua noti moja. Mara moja kati ya nne, nyamaza. Ngoma ipige nafasi ya kwanza, ya nne na ya saba. Kompyuta inayapokea masharti hayo, kisha inajichagulia yenyewe ndani ya mipaka iliyowekewa. Ndiyo maana muziki unaweza kwenda saa nzima bila kurudia, na bado ukasikika kuwa ni kitu kimoja.

Mpenzi wa mpira ataelewa haraka. Kocha haingii uwanjani na hapigi pasi hata moja. Anachagua kikosi, anapanga mfumo, anaamua nani akabe na nani ashambulie. Mechi mbili za kikosi kilekile hazifanani, lakini ukitazama dakika kumi unajua timu hii ni ya kocha gani. Masharti ya kijana ni mfumo wa uchezaji, na noti ni wachezaji.

Chukua sharti la noti tano. Si la kubahatisha. Kwenye kinanda, vitufe vyeusi viko vitano kabla ya kuanza upya. Mwache mtoto mdogo aparaze vidole kwenye vitufe vyeusi peke yake, kwa mpangilio wowote, na hutasikia noti zikigombana sikioni. Ukimruhusu apite na kwenye vyeupe, kelele zinaanza. Anayeiambia kompyuta ichague kati ya noti tano za namna hiyo amefanya uamuzi wa kimuziki kabla sauti ya kwanza haijatoka.

Dadu zilitangulia kompyuta

Mzazi anayedhani haya ni mambo ya vijana wa intaneti atashangaa kujua yana umri gani. Mwishoni mwa karne ya 18 huko Ulaya kulikuwa na michezo ya kutunga muziki kwa dadu. Mmoja ulichapishwa kwa jina la Mozart, ingawa wataalamu wana shaka kama kweli ulikuwa wake. Mchezaji alirusha dadu mbili, akajumlisha namba, kisha akaangalia kwenye jedwali ni kipande kipi cha muziki acheze. Jumla ya dadu mbili ni kuanzia 2 hadi 12, yaani chaguo 11. Wimbo ulihitaji vipande 16. Kwa hesabu hiyo, njia za kuvipanga zinakaribia trilioni 46,000. Familia nzima ingeweza kucheza maisha yote na isifike popote karibu na mwisho.

Siri ilikuwa kwenye jedwali. Dadu hazikujua muziki. Aliyeandika vipande kwa namna ambayo chochote kitakachotokea kitaungana vizuri na kinachofuata ndiye aliyeujua muziki.

Kufikia mwaka 1957, Lejaren Hiller na Leonard Isaacson wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walikuwa wameitumia kompyuta ya chuo iliyoitwa ILLIAC kutunga muziki wa vinanda vinne vya nyuzi. Waliiwekea sheria, wakaiacha ipendekeze noti, na noti iliyovunja sheria ikatupwa. Kompyuta hiyo ilikuwa mashine kubwa ya kujaza chumba. Leo kazi kama hiyo inafanyika kwenye meza ya chakula.

Katikati ya miaka ya 1990, mwanamuziki wa Uingereza Brian Eno aliupa muziki wa namna hii jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kusema ni muziki unaojizalisha. Mwaka 1996 alitoa kazi iliyouzwa kwenye diski laini ya kompyuta. Ndani ya diski hakukuwa na nyimbo zilizorekodiwa bali masharti, na kila msikilizaji alipoiwasha kompyuta yake muziki ulizaliwa upya.

Programu ambayo kijana wetu aliwekewa na dada yake inaitwa Sonic Pi. Ilianzishwa mwaka 2012 na Sam Aaron akiwa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kwa ushirikiano na watu wa Raspberry Pi, kompyuta ndogo yenye ukubwa wa kadi ya benki. Lengo lilikuwa kuwafundisha wanafunzi kuandika programu kwa kutumia muziki. Ni ya bure. Amri zake ni maneno mafupi ya Kiingereza kama play, yaani piga, na sleep, yaani lala au subiri. Mtoto anaandika mstari, anabonyeza kitufe, anasikia kosa lake papo hapo.

Kwa wazazi wa Dar es Salaam, kompyuta ya kawaida kuzaa muziki si habari ya ng'ambo. Singeli ilikulia kwenye studio ndogo za uswahilini, vijana wakikata vipande vya midundo na kuvikimbiza kwa kasi ya mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi hizo uitwao Sounds of Sisso, na muziki uliowahi kudharauliwa kuwa ni kelele za mtaani ukaanza kusikilizwa Ulaya.

Piga makofi, hesabu hadi nane

Kuna sharti moja ambalo mzazi anaweza kulijaribu sasa hivi bila kompyuta. Hesabu kwa sauti 1 hadi 8 kwa mwendo ulio sawa, urudie bila kusimama. Piga kofi kwenye 1, kwenye 4 na kwenye 7. Baada ya mizunguko mitatu au minne bega litaanza kucheza lenyewe. Ni mdundo unaosikika katika zouk, katika muziki wa Cuba na katika nyimbo nyingi za Bongo Fleva.

Kwenye Sonic Pi mtoto hahitaji kuandika nafasi hizo moja moja. Anaiambia kompyuta: tawanya mapigo matatu katika nafasi nane kwa usawa kadiri inavyowezekana. Nane haigawanyiki kwa tatu, kwa hiyo mapengo yanakuwa matatu, matatu na mawili. Kule kutolingana kidogo ndiko kunakoufanya mdundo utembee.

Mwaka 2005, Godfried Toussaint, mtaalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Canada, alionyesha kwamba hesabu ya Euclid ya kutafuta kigawo kikubwa cha shirika, ileile watoto wanayokutana nayo darasani kwa jina la KKS, inazaa midundo mingi ya jadi ya Afrika, Amerika ya Kusini na kwingineko duniani. Mapigo 7 katika nafasi 12, kwa mfano, yanatoa mpangilio wa kengele unaofahamika sana katika ngoma za Afrika Magharibi. Wapiga ngoma hawakumsubiri Euclid. Walifika hapo kwa masikio na kwa miguu ya wachezaji. Lakini mtoto anayechukia KKS anaweza kuitazama kwa jicho jingine akiisikia ikipigwa.

Kazi ya mtoto iko wapi?

Jumatano jioni, siku nne baada ya lile swali, baba anavuta kiti na kukaa karibu na mwanawe. Hajabadilisha uamuzi. Anataka kuona.

Kijana anabonyeza kitufe. Marimba inaanza. Baada ya sekunde ishirini anazima, anabonyeza tena. Inaanza tena, noti kwa noti, kama ilivyoanza mara ya kwanza.

"Si ulisema inabahatisha?" baba anauliza.

"Inabahatisha kwa kufuata namba, baba. Nikiiachia namba hii, kila nikiwasha inaanza vilevile, hata kwenye kompyuta ya mwalimu. Nikibadilisha namba inatoka nyingine."

Hivyo ndivyo ilivyo. Kompyuta inapobahatisha kwa namna hii hairushi dadu. Inachofanya ni hesabu ndefu inayotoa namba zinazoonekana hazina mpangilio, na hesabu hiyo inaanzia kwenye namba moja ambayo watengeneza programu wanaiita mbegu. Mbegu ileile na masharti yaleyale vinatoa muziki uleule. Ukibadilisha mbegu, mmea mwingine unaota. Katika Sonic Pi mbegu iko mikononi mwa mtumiaji. Akiipenda aliyoipata anaihifadhi, asipoipenda anaiacha.

Kijana anafungua daftari lake la mazoezi kwenye kurasa za nyuma. Ameandika namba kuanzia 1 hadi 43, na mbele ya kila namba kuna neno moja au mawili. Mbegu ya 5: inakimbia. Ya 12: ya msibani. Ya 18: nzuri lakini mwisho mbaya. Ya 31: inauliza haijibu. Arobaini na mbili zimekatwa kwa mstari. Moja haijakatwa.

"Hii kwa nini hukuikata?"

Kijana anafikiri. "Nyingine zinapanda tu, kama mtu anayetafuta kitu. Hii inapanda halafu inashuka mahali palepale. Wahitimu wanaingia, halafu wanakaa. Nilitaka nayo ikae."

Baba hana la kusema kwa muda. Ni mama, aliyesimama mlangoni, anayegusa jambo ambalo wote wawili hawakuliona. "Mbona ni ya haraka hivyo? Hao watoto watakuwa na majoho. Hebu tembeeni."

Wanatembea. Baba mbele, kijana nyuma, dada anajiunga kutoka chumbani, wote wakijaribu kufuata mapigo kutoka mlango wa jikoni hadi dirishani. Kasi ni mapigo 120 kwa dakika. Wanaonekana kama watu wanaowahi daladala. Mama anacheka hadi anashika ukuta. Kijana anarudi kwenye kompyuta, anaandika 100, wanatembea tena. Anaandika 84. Safari hii dada ananyoosha mgongo bila kuambiwa, na baba anafika dirishani kama mtu anayekwenda kupokea cheti.

Kwa baba, jibu limeanza kuonekana. Kompyuta ilitoa nyimbo 43 bila kuchoka na bila kujua ipi ni nzuri. Haikujua kuna wahitimu, majoho wala viti. Aliyejua ni mtoto, na pale alipokosea alisahihishwa na mama yake.

Kuagiza na kutunga

Hapa mzazi anahitaji kutenganisha mambo mawili ambayo kwa nje yanafanana. Siku hizi kuna huduma za akili mnemba, kama Suno na Udio, ambazo mtu anaandika sentensi moja, kwa mfano wimbo wa furaha wa mahafali wenye sauti ya kike, na baada ya muda mfupi anapewa wimbo mzima wenye maneno, sauti na vyombo. Kuzijaribu si dhambi. Lakini mtoto aliyefanya hivyo ameagiza, kama anayeagiza chakula mgahawani. Anaweza kusifu au kurudisha sahani, ila hawezi kukuonyesha jikoni.

Anayeandika masharti anaweza kukuonyesha jikoni. Kila mstari uko mbele yake. Ukimwambia ngoma imezidi, anajua mstari upi aupunguze. Ukimwambia ibaki kimya zaidi, anabadilisha namba moja. Sauti za ngoma na vyombo zinazokuja na Sonic Pi nazo zimetolewa bure kwa matumizi yoyote, kwa hiyo hajachukua kipande cha wimbo wa mtu.

Maswali manne yanatosha kumsaidia mzazi kujua yuko upande upi. Hayahitaji ujuzi wa kompyuta.

Kwanza: ni masharti gani umeiwekea? Mtoto aliyetunga atayataja kwa maneno yake.

Pili: badilisha kitu kimoja nisikie tofauti. Aliyetunga atafanya palepale.

Tatu: ulikataa nini? Asiyekataa chochote hajaanza kusikiliza.

Nne: kwa nini ulichagua huu? Swali hili ndilo gumu zaidi, na ndilo litakalomsaidia hata siku atakapoacha muziki, akiandika insha au akichagua kazi.

Na kama jibu la mtoto ni kwamba aliiagiza kwa akili mnemba, lisimalizike kwa kipigo wala kwa kumnyang'anya kifaa. Aseme hivyohivyo mbele ya watu. Kosa ni kuweka jina lako mahali ambapo hukufanya kazi.

Mzazi aanzie wapi

Nyumba isiyo na kompyuta inaweza kuanza na dadu ya ludo. Andika noti tano au majina ya sauti tano ambazo familia inaweza kuziimba, zipe namba 1 hadi 5, na 6 iwe kimya. Rusha dadu mara 16, andika kila namba, kisha imbeni au pigeni kwenye kinanda kilichotokea. Rudieni mara tatu na mchague ulio bora. Halafu badilisheni sharti moja: namba ikijirudia, shikilia sauti kwa muda mrefu. Watoto wa darasa la pili wanaweza, na mara nyingi ndio wanaobishana kwa nguvu kuhusu upi ni mzuri.

Mwenye simu janja anaweza kufungua Chrome Music Lab ya Google kwenye kivinjari. Ni ya bure na haihitaji kujisajili. Kipengele chake cha Song Maker ni lile daftari la viboksi. Mtoto anajaza kwa kidole na kusikia. Hapo anajifunza nafasi na mapigo kabla ya kuingia kwenye masharti.

Mwenye kompyuta, hata ya zamani kiasi, anaweza kupakua Sonic Pi. Inatumia bando siku ya kuipakua tu. Baada ya hapo inafanya kazi bila intaneti, na masomo yake yako ndani yake. Kwa mzazi anayeogopa mtoto kupotelea mtandaoni, hilo ni jambo la kushukuru: zimeni intaneti na muziki utaendelea.

Muda ukubaliwe mapema. Muziki usio na mwisho una hatari yake. Hakuna mahali ambapo wimbo unasema umekwisha, kwa hiyo mtoto anaweza kukaa akisubiri kizuri zaidi mpaka usiku wa manane. Kanuni rahisi ni kumpa idadi badala ya saa peke yake: leo mbegu kumi, uandike maoni yako kwa kila moja, kisha funga. Idadi inamlazimisha kuamua, na kuamua ndiko kujifunza kwenyewe. Mwaka wa mtihani, kipindi kimoja mwishoni mwa wiki kinatosha, na daftari libaki kuwa ushahidi kwamba muda ulitumika vizuri.

Masikio nayo yalindwe. Shirika la Afya Duniani linashauri sauti ya vifaa vya masikioni isizidi asilimia 60 ya uwezo wa kifaa, na kwa watoto kikomo ni desibeli 75 kwa saa 40 za wiki nzima. Kwa lugha ya nyumbani: ukimwita mtoto kwa sauti ya kawaida ukiwa umbali wa hatua moja na asikusikie, sauti imezidi. Afadhali atumie spika na sauti iwe ndogo. Mtakerwa kidogo, lakini mtasikia anachofanya.

Mwisho, asifanye peke yake siku zote. Katika familia ya mfano, wimbo ulipata mwendo wake kwa sababu mama alikumbuka majoho. Mzazi asiyejua lolote kuhusu kompyuta anajua harusi inavyoingia, anajua wimbo wa kubembeleza mtoto unavyoshuka, na anajua mahali ambapo watu huchoka kusikiliza. Ujuzi huo hauko kwenye programu yoyote mpaka mtu auandike.

Jumamosi ya pili

Siku saba zinatimia. Baada ya chakula baba anauliza swali lake tena, safari hii bila ukali. "Haya. Kazi yako ni ipi?"

Kijana amejiandaa. Anasoma kwenye karatasi: "Nilichagua noti tano. Niliamua ngoma ipige wapi na inyamaze wapi. Nilisikiliza mbegu 43 nikakataa 42. Mama alirekebisha mwendo. Kompyuta ilipiga." Anainua macho. "Nimemwomba mshereheshaji asome hivyohivyo. Asiseme kwamba nimepiga kinanda."

Mama anataka kujua kama kweli jina lake litasomwa. Linasomwa, kijana anasema, limo kwenye karatasi.

Baba anaichukua karatasi, anaisoma mwenyewe taratibu, anairudisha. Kompyuta itabaki nyumbani hadi mahafali, anasema, kisha itakwenda kwa dada yake mpaka mitihani ipite, kama walivyokubaliana. Kijana haleti ubishi.

Dakika chache baadaye, taa za sebuleni zikiwa zimeshazimwa, baba anasimama kwenye mlango wa chumba cha watoto.

"Ile uliyosema ni ya msibani," anasema, "ilikuwa namba ngapi?"

"Kumi na mbili, baba."

"Usiifute. Kesho nataka kuisikiliza."